Hewa ya Mtwara na Njia ya Ndege ya Newala

HTMT 140600Z 16012KT 9999 SCT020 25/20 Q1018

Mstari huu wa herufi na tarakimu, ambao kwa mtu asiyeuzoea ni sawa na fumbo, ni taarifa kamili ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege. Tumeutunga wenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini umefuata kanuni zile zile zitumiwazo na wapimaji wa hali ya hewa katika viwanja vya ndege duniani kote. Taarifa za namna hii huitwa METAR, na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kujua hesabu za pembetatu na kanuni za gesi anayo elimu ya kutosha ya kuzisoma. Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa Newala, Mnyambe au Masasi anayo sababu ya pekee ya kuzielewa. Mtwara wanakopima ni pwani, naye anaishi juu ya uwanda wa Makonde au chini ya ukingo wake wa magharibi, na hewa ya huko pwani si hewa yake.

Tuanze kwa kuufumbua mstari wenyewe. HTMT ni jina la kiwanja: herufi HT ni za Tanzania, kama vile HK zilivyo za Kenya na HU za Uganda, na MT ni Mtwara. Kundi linalofuata lasema kwamba vipimo vilichukuliwa tarehe 14, saa 0600 kwa saa ya ulimwengu, ile ihesabiwayo kuanzia Greenwich. Kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa muda wa saa tatu, nasi Waswahili twaanza kuhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, tarakimu zetu huwa pungufu kwa tatu: 0600 ni saa tatu asubuhi, 0900 ni saa sita mchana, 1200 ni saa tisa alasiri. Ni kanuni rahisi kuliko ile anayolazimika kuikumbuka mtu asemaye Kiingereza hapa hapa kwetu.

Kisha waja upepo. 16012KT maana yake ni kwamba upepo unatoka upande wa nyuzi 160, yaani kusini ukielekea kidogo mashariki, kwa mwendo wa noti 12. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, au kilomita 1.852. Hii ndiyo kusi ya wanamaji wetu. Nao wanamaji, kama wapimaji wa leo, waliuita upepo kwa jina la upande utokako, si uendako. Mwanafunzi aliyelelewa pwani hatakosea hapo. Tarakimu 9999 zaonyesha kwamba mtu aweza kuona umbali wa kilomita 10 au zaidi. SCT020 ni mawingu yaliyofunika sehemu tatu au nne kati ya nane za anga, na tako lake liko futi 2,000 juu ya kiwanja. Halijoto ni nyuzi 25 za Sentigredi, na nukta ya umande ni nyuzi 20. Yaani hewa hiyo ikipozwa mpaka nyuzi 20, mvuke uliomo utaanza kugeuka kuwa maji. Mwisho, Q1018 ni kanieneo ya hewa kwa hektapaskali, iliyokwisha kusahihishwa ili iwe kama kiwanja kingekuwa usawa wa bahari.

Rubani apatapo taarifa hii huitazama pamoja na habari za njia ya kurukia. Njia kuu ya Mtwara huitwa 01/19. Majina haya si ya kubahatisha. Huchukuliwa pembe ya njia kutoka kaskazini ya dira, hukadiriwa kwa makumi, kisha sifuri ya mwisho huachwa. Kwa hiyo ndege ishukayo kwenye njia 19 inaelekea karibu nyuzi 190, na ikishuka kutoka ncha ya pili inaelekea karibu nyuzi 10. Tofauti ya majina mawili ya njia moja ni 18 siku zote, kwa sababu tofauti ya pande mbili ni nyuzi 180. Mtazamaji ataona kwamba njia hii imelazwa karibu sawasawa na kaskazi na kusi, pepo mbili zinazotawala mwaka wetu. Ndege hupenda kuruka na kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa bawa hujali mwendo wake hewani, si mwendo wa magurudumu juu ya ardhi.

Hesabu ya asubuhi yetu ni hii. Upepo watoka nyuzi 160, njia yaelekea 190. Pembe kati yao ni nyuzi 30. Sehemu ya upepo inayoikabili ndege ni 12 mara kosaini ya 30, yaani noti 10 na ushei. Sehemu inayoisukuma kutoka ubavuni ni 12 mara saini ya 30, yaani noti 6 kamili. Kuna tahadhari moja ambayo hata watu wazima huisahau: upepo ulioandikwa katika METAR hupimwa kutoka kaskazini ya kweli, lakini jina la njia hutoka kwenye kaskazini ya dira. Kusini mwa Tanzania tofauti ni nyuzi chache tu. Katika nchi zilizo karibu na ncha ya dunia huwa kubwa mno hata haiwezi kupuuzwa.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Njia ya Mtwara, iliyorefushwa katika miaka ya karibuni kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800, haimpi rubani wa ndege ndogo wasiwasi wowote. Lakini tuseme rubani huyo haendi Mtwara. Ameitwa kumchukua mgonjwa Newala, na taarifa pekee aliyo nayo mkononi ni hii ya Mtwara.

Kiwanja cha Mtwara kiko mita 113 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Makonde huanza karibu na pwani ukapanda taratibu kuelekea magharibi, kama ubao uliowekewa kigingi chini ya ncha moja, mpaka Newala ambako ni kiasi cha mita 700 na zaidi. Kisha hukatika ghafula, na mbele yake huonekana bonde la Ruvuma na nchi ya Masasi yenye vilima vya mawe vilivyosimama peke yake. Aliyewahi kusimama penye Shimo la Mungu anajua mkato huo ulivyo.

Sasa turudi kwenye lile kundi SCT020. Futi 2,000 ni mita 610, nazo zimehesabiwa kuanzia ardhi ya Mtwara. Tukiongeza mita 113, tako la mawingu liko mita 723 juu ya bahari. Na Newala ni mita 700! Mawingu ambayo mtu wa Mtwara huyaona yakielea kwa amani kichwani pake, huku jua likiwaka kati yake, ndiyo hayo hayo yanayoweza kuwa ukungu juu ya mapaa ya Newala. Taarifa haikusema uongo hata kidogo. Ilisema ukweli wa mahali pengine.

Twaweza kulithibitisha jambo hili kwa njia ya pili isiyotegemea macho ya mpimaji. Hewa isiyojaa mvuke inapopanda hupanuka, na kwa kupanuka hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Nukta ya umande nayo hushuka, lakini kwa uvivu, kiasi cha nyuzi 0.2 kwa kila mita 100. Kwa hiyo pengo kati yao hupungua kwa nyuzi 0.8 hivi kila mita 100, ambayo ni sawa na kusema kwamba kila nyuzi moja ya pengo ni mita 125 za kupanda. Pengo la Mtwara ni 25 toa 20, yaani 5. Mara 125 twapata mita 625. Hesabu na jicho zimekubaliana. Kusi ikiichukua hewa hiyo kutoka baharini na kuipandisha polepole juu ya mgongo wa uwanda mpaka Newala, itakuwa imepanda mita 590 hivi. Halijoto yake itakuwa karibu nyuzi 19, na nukta ya umande vivyo hivyo karibu 19. Hewa iko ukingoni mwa kugeuka ukungu. Mchana ardhi ikisha kupashwa joto, pengo hupanuka na mawingu hupanda. Ndiyo maana rubani mwenye busara aliyeambiwa asubuhi kwamba Newala imefunikwa haendi kuzunguka-zunguka juu ya mawingu akitafuta tundu, bali hungoja saa mbili tatu. Kungoja huko ni kugumu panapokuwa na mgonjwa.

Ukingo wenyewe nao una hila zake. Upepo unaovuka uwanda na kumwagika upande wa pili haushuki kwa adabu. Hujiviringa kama maji yanayopita juu ya jiwe mtoni. Ndege inayoukaribia ukingo kutoka upande ule ulio nyuma ya upepo hukutana na hewa inayoanguka, hapo hapo ambapo rubani anahitaji kila mita ya kimo alicho nacho. Pepo za Newala si habari mpya: Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi aliyekaa huko mwaka 1906, alizilalamikia sana pepo za jioni. Hakuna kipimo cha Mtwara kitakachomweleza rubani habari hizo. Kinachomweleza ni mfuko wa upepo, kile kitambaa chenye umbo la pia kinachoning'inia mlingotini kando ya njia. Kanuni za kimataifa zataka uwe na urefu usiopungua mita 3.6, na mdomo wake mpana usipungue mita 0.9, ili uonekane kutoka juu. Katika viwanja vidogo, kitambaa hiki kikiwa kizima ni chombo muhimu kuliko barua nyingi za kiofisi.

Kanieneo yahitaji uangalifu wake. Kipimakimo cha ndege si kingine ila barometa iliyoandikwa mita au futi badala ya hektapaskali. Karibu na usawa wa bahari, hektapaskali moja ni sawa na mita 9 hivi za kimo. Rubani akiiweka saa yake kwenye 1018 hali kanieneo ya kweli imekwisha shuka hadi 1010, chombo kitamdanganya kwa mita 70 na zaidi, nacho kitamdanganya kwa upande mbaya: kitamwambia yuko juu kuliko alivyo. Katika mfano wetu, nafasi kati ya tako la mawingu na ardhi ya Newala ilikuwa mita 23.

Tushuke sasa Masasi, ambako ukungu si tatizo kubwa, ila joto. Nchi ya Masasi ni kiasi cha mita 500 juu ya bahari. Katika hewa ya kiwango, ile iliyokubaliwa na mataifa kuwa kipimo cha kulinganishia, halijoto huwa nyuzi 15 usawa wa bahari na hupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Kwa hiyo mita 500 ingalipasa kuwa nyuzi 12 hivi. Lakini tuseme ni mchana wa Novemba kabla ya mvua, na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 34. Hewa ya moto ni nyepesi: molekuli zake zimetawanyika, densiti yake imepungua. Kila nyuzi moja inayozidi kiwango ni kama kukipandisha kiwanja mita 36. Nyuzi 22 za ziada zatupa karibu mita 800, na jumla yake ni mita 1,300. Basi ndege iliyosimama Masasi mchana huo haijui kwamba iko mita 500; bawa, rafadha na injini yake zote zafanya kazi kana kwamba ziko juu ya kilima cha mita 1,300.

Matokeo yake twaweza kuyakadiria kwa kanuni ambazo mamlaka ya anga ya Uingereza imezichapisha kwa marubani wa ndege ndogo. Kila futi 1,000 za kimo huongeza asilimia 10 ya umbali wa kuruka. Kila nyuzi 10 za joto la ziada, asilimia 10. Nyasi fupi zilizo kavu, asilimia 20. Nyasi zilizolowa, asilimia 30. Viongezo hivi havijumlishwi, huzidishwa kimoja kwa kingine. Ndege ambayo kitabu chake chadai mita 400 usawa wa bahari kwenye lami itahitaji, kwa kimo cha Masasi, mita 464. Kwa joto lile, mita 566. Na kama njia ni ya nyasi kavu, karibu mita 680. Mamlaka hiyo yashauri kisha kuzidisha kwa 1.33 kwa ajili ya usalama, maana injini huchakaa na marubani si malaika. Twafika mita 900. Mita 400 zimekuwa 900 bila ndege kubadilika hata msumari, na bado hatujamtaja mgonjwa, machela yake, muuguzi na ndugu aliyeng'ang'ania kumsindikiza. Uzito ukizidi kwa asilimia 10 tu, umbali huongezeka kwa 20.

Ndiyo sababu habari za njia ya kurukia hazina maana zikisomwa peke yake. Urefu, kimo, mwinamo, aina ya udongo, yote haya huchapishwa katika vitabu vya anga, na mabadiliko ya muda hutolewa kwa matangazo maalumu kwa marubani: njia imefungwa kwa matengenezo, nyasi ni ndefu, mvua imechimba mtaro. Udongo wa kichanga wa uwanda, ule ule unaowanyima wakazi maji kwa kuyanyonya upesi, huwa na fadhila kwa ndege, kwa kuwa madimbwi hayakawii kukauka. Lakini hakuna kitabu kitakachomwambia rubani kwamba mbuzi wamelala katikati ya njia leo. Kwa hiyo desturi ni kupita kwanza juu kwa chini-chini na kutazama.

Uwanda huu una kisa chake cha taarifa iliyopitwa na wakati, kikubwa kuliko hivi vya mbuzi. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani cha Kijerumani, L59, kilichojaa haidrojeni na chenye urefu wa mita 226, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Kilikokuwa kikienda ni huku, nyanda za juu za Makonde. Kilivuka bahari, Misri na jangwa, kikafika Sudan, magharibi ya Khartoum, na huko kikapokea kwa redio amri ya kurudi: Waingereza walikuwa wameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde. Kilipoondoka, mahali pa kutua palikuwepo. Kilipofika nusu ya safari, hapakuwepo tena. Siku ile ile kilipotua tena Jamboli, tarehe 25, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757, von Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Katika safari hiyo wanahewa wake nusura waangamie kwa sababu ambayo sasa msomaji aweza kuieleza mwenyewe: mchana jua la jangwa liliitanua gesi, usiku baridi ikaisinyaza, nguvu ya kuelea ikapungua, na chombo kikazama kuelekea ardhini.

Wakati wetu huu taarifa hazichukui siku nne. Hutolewa kila saa, na penye shughuli nyingi kila nusu saa, pamoja na utabiri uitwao TAF. Kwa nchi yetu kazi hii ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hata hivyo hewa ina mwendo wake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka katika Ziwa Viktoria ikijaribu kutua Bukoba penye hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha. Radi na mvua za ziwani huzaliwa na kufa katika muda mfupi kuliko ule wa safari yenyewe.

Walimu wa uwanda wa Makonde na wa Masasi wanaweza kulifanyia kazi jambo hili bila gharama kubwa. Yahitajika barometa moja, vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa kilicholoa ili kupatia nukta ya umande, na METAR ya Mtwara ya saa hiyo hiyo. Taarifa ikiwa Q1018, barometa isiyosahihishwa huko Newala yapasa isome karibu 937. Wanafunzi wapime saa tatu asubuhi, wahesabu kimo cha shule yao kutokana na tofauti hiyo, kisha wakadirie tako la mawingu na kutoka nje kutazama kama limegusa mikorosho. Warudie saa tisa alasiri. Shule mbili, moja Newala na moja Masasi, zikibadilishana madaftari kwa mwezi mmoja wa Juni na mmoja wa Novemba, zitakuwa na vipimo vya pande zote mbili za ukingo ule.